Miguu kufa ganzi na kuwaka moto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba mishipa yake ya fahamu ya miguuni imeathirika, na wa ndugu anayemuuguza. Wengi wao wana kisukari, kwa hiyo tumezungumzia kisukari zaidi, lakini vyanzo vingine vimetajwa pia. Jambo moja tungependa lieleweke mapema: maumivu na ganzi ni matatizo mawili, ingawa yanakaa kwenye mguu mmoja. Maumivu yana dawa. Ganzi haina kidonge. Dawa yake ni macho yako, mikono yako na viatu vyako. Watu huja kliniki kwa sababu ya maumivu, lakini kinachowapotezea mguu ni ganzi.

Kwa nini ugonjwa uanze kwenye vidole vya miguu?

Mshipa wa fahamu unaofika kwenye dole gumba la mguu unaanzia kiunoni. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu mita moja. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mshipa wenyewe na pia vimishipa vidogo vya damu vinavyoulisha, na mshipa mrefu kuliko yote ndio wa kwanza kulemewa. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, miguu yote miwili, kisha ikapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi.

Ganzi isiyofuata mpangilio huo isisingiziwe sukari kabla ya kupimwa. Mguu mmoja tu, pamoja na maumivu yanayotoka kiunoni, mara nyingi ni mshipa uliobanwa mgongoni. Dole gumba na vidole viwili vya mkono vinavyokuamsha usiku, mara nyingi ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, pale inapofungwa saa.

Inawezekanaje mguu uwe na ganzi na wakati huohuo uume?

Mshipa uliojeruhiwa unafanya makosa mawili. Unashindwa kupeleka habari za kweli, na unapeleka habari za uongo. Mtu anaweza asihisi msumari uliotoboa kandambili na kuingia kwenye unyayo, na usiku huohuo asivumilie shuka kugusa vidole vyake. Kwa hiyo usipime usalama wa mguu kwa maumivu. Mguu unaowaka moto bado unaweza kuwa umejeruhiwa bila wewe kujua, na mguu ulioacha kuwaka si lazima uwe umepona. Wakati mwingine mishipa iliyokuwa ikilalamika imekwisha kufa.

Mbona usiku ndiyo inazidi?

Mchana akili ina mengi ya kushika. Usiku umetulia, hakuna kingine cha kusikiliza. Joto la blanketi, uzito wa shuka na uchovu wa kusimama kutwa vinaongeza. Jaribu haya usiku huu:

Osha miguu kwa maji ya kawaida ya bomba, dakika 10 zinatosha, kisha ikaushe vizuri mpaka katikati ya vidole. Usitumie barafu. Ngozi yenye ganzi inaunguzwa na barafu kama inavyounguzwa na moto, na hutahisi. Kama shuka ndiyo inayokutesa, weka boksi gumu au kigoda kwenye upande wa miguu ili shuka ipite juu yake bila kugusa vidole. Wengine hutulia wakivaa soksi za pamba zisizobana, kwa sababu mguso ulio sawasawa unasumbua kidogo kuliko kitambaa kinachosogeasogea. Feni inayopuliza miguuni inasaidia pia. Na kabla ya kulala tembea ndani ya nyumba kama dakika 10, ukiwa na ndala.

Ni dawa gani zinatuliza maumivu ya aina hii?

Zipo nne zinazotumika zaidi, na zote huandikwa na daktari, kwa sababu kila moja ina mtu asiyefaa kuitumia.

Amitriptilini ndiyo nafuu kuliko zote. Huanza na miligramu 10 au 25, mara moja kwa siku, saa moja au mbili kabla ya kulala. Huongezwa kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili, na wengi hawahitaji kuvuka miligramu 75. Ukifungua karatasi iliyo ndani ya boksi utasoma kwamba ni dawa ya sonona. Hapo wagonjwa wengi huikunja na kuitupa, wakidhani daktari amewaona wana matatizo ya akili. Sivyo. Kwa dozi ndogo, dawa hii inapunguza ishara za maumivu zinazopita kwenye uti wa mgongo, hata kwa mtu asiye na sonona kabisa. Hukausha mdomo, hufunga choo, na huacha uzito wa usingizi asubuhi; ukiinywa saa mbili usiku badala ya saa tano, uzito huo hupungua. Mwambie daktari kama una tezi dume, presha ya macho, au moyo unaodunda bila mpangilio, maana kwa watu hao inaweza kuleta madhara makubwa.

Gabapentini huanza na miligramu 300 siku ya kwanza, 300 mara mbili siku ya pili, 300 mara tatu siku ya tatu, kisha hupandishwa kwa kadiri ya mahitaji. Kwa wazee huenda polepole zaidi. Hutolewa mwilini na figo, na figo ni kiungo kingine ambacho kisukari hukiharibu. Omba kipimo cha kreatinini, yaani kipimo cha damu cha figo, kabla ya kuanza. Mtu mwenye figo dhaifu akipewa dozi ya kawaida huwa kama mlevi: anayumba, anasinzia, anaanguka. Pregabalini ni ndugu yake. Kwa kawaida huanza na miligramu 75 mara mbili kwa siku, nayo inahitaji tahadhari ileile ya figo. Miguu ikianza kuvimba baada ya kuanza moja ya hizi mbili, rudi ukaeleze.

Duloksetini huanza na miligramu 30 kwa siku kwa wiki moja, kisha 60. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua ikinywewa na chakula. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini.

Hakuna kati ya hizi inayoachwa ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kama zilivyopandishwa.

Kuna pia krimu yenye kemikali ya pilipili, kapsaisini, ya nguvu ya asilimia 0.075. Hupakwa mara tatu au nne kwa siku kwenye ngozi isiyo na kidonda. Wiki ya kwanza na ya pili huunguza, na hapo ndipo wengi huiacha, kabla haijaanza kufanya kazi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kupaka, la sivyo utajifuta jicho na utajuta. Tafadhali usisage pilipili kichaa ukachanganya na mafuta ukapaka mwenyewe: hakuna anayejua nguvu ya mchanganyiko huo, na ngozi yenye ganzi haitakuambia inapoungua.

Nimemeza siku tatu sijaona tofauti. Niache?

Hapana. Dawa hizi si kama paracetamol ya kichwa. Zipe wiki mbili mpaka nne, ukiwa kwenye dozi inayotosha, ndipo uamue. Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kubaki kwenye dozi ya kuanzia miezi sita, bila mtu kuiongeza, kisha akahitimisha kwamba dawa hazifanyi kazi.

Kabla ya kuanza, yape maumivu namba kutoka 0 hadi 10 na uiandike kila jioni kwenye daftari. Dawa iliyoyashusha kutoka 8 hadi 4 imefanya kazi nzuri sana, hata kama bado unahisi kitu. Kufika 0 hutokea kwa wachache, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno.

Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za dukani?

Zinatuliza uvimbe na misuli. Maumivu yanayotoka kwenye mshipa wa fahamu wenyewe hayatokani na uvimbe, kwa hiyo zinagusa kidogo au hazigusi kabisa. Zaidi ya hayo, diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Mwenye kisukari na presha akizimeza kila siku, anaweza kuchoma figo huku miguu ikiendelea kuwaka vilevile. Paracetamol ina madhara machache ikitumiwa kwa kipimo, lakini kwa maumivu haya msaada wake ni mdogo.

Tramadoli inasaidia baadhi ya watu, ila ina uteja, na ikichanganywa na amitriptilini au duloksetini inaweza kuleta kutetemeka, jasho na degedege. Usiiongeze kwa ushauri wa jirani.

Nimeshauriwa sindano za vitamini B. Zinafaa?

Zinafaa sana kwa mwenye upungufu, na hazifanyi kitu kikubwa kwa asiyekuwa nao. Swali la kuuliza ni: je, nimepimwa B12?

Ukitumia metformini, kidonge cha kisukari, kwa miaka, hasa dozi kubwa, uwezo wa utumbo kufyonza B12 hupungua. Ganzi ya upungufu huo inafanana na ya kisukari, na mgonjwa huendelea kuambiwa "ni sukari" huku tatizo linalotibika likizidi. Wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na waliokatwa sehemu ya tumbo, nao wako hatarini. Upungufu ukithibitishwa na mishipa ikiwa imeguswa, kawaida huchomwa mikrogramu 1,000 mara kadhaa kwa wiki mwanzoni, kisha kwa nafasi ya wiki au miezi. Usiache metformini, ongeza vitamini.

Sasa angalizo ambalo halisemwi vya kutosha: vitamini B6 ikizidi, yenyewe inaleta ganzi. Vidonge vingi vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vina B6 nyingi kuliko mahitaji ya mwili kwa siku. Mtu akimeza aina mbili tofauti kwa mwaka mzima, anaweza kuwa anajiharibu kwa kile anachodhani ni tiba. Geuza boksi, soma miligramu za B6, jumlisha.

Sina kisukari. Ganzi yangu imetoka wapi?

Orodha ni ndefu, lakini katika Afrika Mashariki kuna vyanzo vitano ambavyo vinapaswa kuulizwa kila mara.

Dawa za kifua kikuu. Isoniazidi, iliyo kwenye tiba na pia kwenye tiba kinga, humaliza vitamini B6 mwilini. Ndiyo sababu hutolewa pamoja na pairidoksini, ambayo ni B6, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Kama ganzi imeanza baada ya kuanza dozi, usiache dawa za TB. Rudi kliniki uulize kama unapata pairidoksini na kama inahitaji kuongezwa.

Virusi vya Ukimwi, kwa virusi vyenyewe au kwa dawa za zamani. Stavudini iliharibu mishipa ya watu wengi, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo. Waliowahi kuitumia wengine bado wana ganzi hadi leo.

Pombe, hasa ya kila siku na chakula kidogo. Gongo, chang'aa au bia, yote hayo humaliza vitamini B1 na kuumiza mshipa moja kwa moja. Hapa kuacha ndiyo tiba yenyewe.

Ukoma. Baka la ngozi lisilohisi mguso, lenye rangi iliyofifia au nyekundu, likaangaliwe mapema. Dawa zake hutolewa bure, na zikiwahi mishipa huokolewa.

Dawa za saratani, kama vinkristini, paklitakseli na sisplatini. Mwambie daktari wa saratani ganzi inapoanza, kabla ya mzunguko unaofuata, kwa sababu dozi inaweza kurekebishwa.

Sukari imeshuka vizuri, lakini miguu ndiyo kwanza imeanza kuniwakia. Nimekosea?

Hujakosea, na jambo hili linajulikana. Wastani wa sukari wa miezi mitatu, ule unaopimwa kwa HbA1c, ukishuka haraka sana, kwa mfano kutoka asilimia 12 hadi 8 ndani ya miezi mitatu, maumivu makali yanaweza kuibuka ndani ya wiki nane. Wengine hukata tamaa na kuacha insulini. Usifanye hivyo. Omba dawa ya maumivu, na usiirudishe sukari juu. Kwa wengi hali hii hupungua yenyewe, ingawa huchukua miezi. Kwa aliyekaa na sukari ya juu muda mrefu, kuishusha kwa hatua ni bora kuliko kuiporomosha.

Lengo kwa watu wazima wengi ni HbA1c chini ya asilimia 7, na sukari ya kabla ya kula kati ya 4.4 na 7.2 (mmol/L). Kwa mzee, au mtu ambaye sukari yake hushuka mno mara kwa mara, daktari hulegeza.

Ganzi itaisha?

Ya B12, ya isoniazidi na ya pombe inaweza kupungua sana chanzo kikiwahiwa, lakini polepole, maana mshipa hukua kama milimita moja kwa siku. Ya kisukari iliyokwisha kukomaa mara chache hurudi nyuma. Kuidhibiti sukari kunazuia isipande zaidi. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaouza maji, unga na mashine za kutetemesha miguu kwa ahadi ya "kufufua mishipa", na fedha inayokwenda huko ingenunua viatu.

Naweza kupima ganzi nyumbani?

Ndiyo, kwa kidole tu. Mgonjwa avue soksi, alale, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi kuguswa. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa kwa wepesi ncha ya dole gumba la mguu wa kulia kwa sekunde moja au mbili, kisha kidole kidogo cha kulia, halafu dole gumba la kushoto, kidole kidogo cha kushoto, kidole cha kati cha kulia, na cha kati cha kushoto. Usibonyeze, usisugue, usirudie. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mguu umepoteza ulinzi wake, na ukaguzi wa kila siku unakuwa lazima. Kliniki watapima kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 na uma unaotetema.

Usipime kwa sindano ya kushonea. Tumewahi kuona vidonda vilivyoanza na kipimo.

Nikague miguu vipi?

Kila jioni, kwenye mwanga, kabla ya kulala. Dakika tatu zinatosha ukizoea.

Kaa, pandisha mguu juu ya paja. Kama goti au tumbo halikuruhusu, weka kioo sakafuni na uinue unyayo juu yake, au piga picha ya unyayo kwa simu na uikuze. Mjukuu wa miaka kumi anaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima mwenye haraka. Anza na kisigino, njoo kwenye upinde, malizia chini ya vidole, pale kwenye mfupa wa dole gumba ambapo vidonda vingi huanzia. Tenganisha vidole kimoja kimoja: weupe uliolowa ni fangasi, na ufa wa fangasi ni mlango wa bakteria. Angalia malengelenge, funza, mwiba, wekundu, kucha iliyoingia kwenye nyama. Kisha gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja. Sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili ina jambo.

Sugu nayo isomwe. Sugu ya njano iliyokauka inakuambia kiatu kinabonyeza hapo. Sugu yenye doa jeusi au la zambarau katikati ina damu chini yake, na chini ya damu hiyo pana kidonda. Usiikate kwa wembe. Nenda ikachongwe na mtu aliyefundishwa. Sugu nyembamba unaweza kuisugua kwa jiwe la miguu, taratibu, baada ya kuoga.

Miguu ioshwe kwa maji vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, wala si kwa mguu wenyewe, na isilowekwe. Ikaushwe kwa kitambaa, katikati ya vidole hasa, na wanaotawadha mara tano kwa siku walizingatie hili kila mara. Mafuta ya mgando yapakwe visiginoni na juu ya mguu, kamwe si katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe, kisha zipigwe tupa. Soksi za rangi nyeupe ni bora kuliko nyeusi, kwa sababu tone la damu au usaha huonekana siku hiyohiyo.

Ukikuta kidonda hata cha ukubwa wa punje ya mchele: osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa gozi safi, acha kuukanyagia mguu huo, na ufike kituo cha afya ndani ya saa 24. Usipake dawa ya meno, majivu, wala unga wa kapsuli ya antibayotiki. Unga ule hukauka ukawa gamba, juu panaonekana pamepona na chini panaoza.

Nivae viatu gani?

Kandambili zina mambo matatu mabaya: mkanda unakata katikati ya vidole, mguu mtupu hauna kinga, na anayekosa hisia huivua bila kujua akaendelea kutembea. Makubazi nayo yana shida hizo. Katambuga za tairi zina soli nzuri inayozuia miiba, lakini misumari ya kufungia mikanda hutokeza ndani.

Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umejaa. Hata mitumba inafaa ukichagua hivi: simama juu ya karatasi ngumu, chora mguu wako, kata umbo hilo, uliingize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba kwako, hata kama "unakihisi" kinakaa vizuri. Watu wenye ganzi hupenda kiatu kinachobana kwa sababu ndicho pekee wanachokihisi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Kipya kivaliwe saa moja siku ya kwanza, kisha mguu ukaguliwe.

Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu na upitishe mkono ndani. Kokoto, kifuniko cha soda, kalamu ya mtoto: hivi vyote hutembewa juu yake kutwa nzima na mtu asiyehisi.

Maji ya moto na chumvi, je? Na kuota moto?

Tunaomba sana viachwe. Kuloweka kunalainisha ngozi ikachanika, na chumvi inaikausha ikapasuka. Moto ni mbaya zaidi. Kwenye baridi ya Njombe, Mbeya au Limuru mtu hukaa karibu na jiko la mkaa, miguu inahisi baridi ya uongo, anaisogeza, anaisogeza tena, na asubuhi anakuta malengelenge. Yapo na mengine yasiyofikiriwa: ekzosi ya bodaboda, sakafu ya gari iliyo juu ya injini katika safari ndefu, mchanga wa pwani na uwanja wa msikiti saa saba mchana. Vaa soksi nene safi unapovua viatu msikitini, na kwenye bodaboda kaa na kiatu kilichofunika mguu.

Ni kweli panya humng'ata mtu mguu asijue?

Ni kweli. Madaktari wa Dar es Salaam wamechapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini, bila kuhisi. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro upande wa miguu, osha mabaki ya chakula mikononi na miguuni kabla ya kulala, usilale sakafuni, na mabaki ya chakula yasikae chumbani.

Mguu umevimba, mwekundu, una joto, lakini hauumi sana. Ni gauti?

Inaweza kuwa mifupa ya mguu inavunjika. Mtu mwenye ganzi huvunja vifupa vidogo vya katikati ya mguu kwa kujikwaa tu, akaendelea kutembea juu yake, na mguu ukaporomoka upinde wake na kuwa kama kitako cha mtumbwi. Hali hii huitwa mguu wa Charcot. Mara nyingi hutibiwa kimakosa kama gauti au maambukizi. Acha kukanyaga leo hii, tumia magongo, na mwambie daktari maneno haya: "Nina ganzi, je, huu si mguu wa Charcot?" Picha ya eksirei ya siku za kwanza inaweza kuonekana ya kawaida, hiyo haitoshi kukuruhusu utembee.

Naweza kufanya mazoezi?

Ndiyo, kama huna kidonda. Dakika 30 za kutembea, siku tano kwa wiki, kwa viatu vilivyofungwa. Kwa kuyumba: shika ukingo wa meza nzito, nyanyuka kwa vidole mara 10, kisha simama mguu mmoja sekunde 10, badilisha. Washa taa unapoamka usiku, maana mtu asiyehisi sakafu husimama kwa macho yake; gizani huanguka. Usikae muda mrefu umekunja nne au umechuchumaa, mshipa unaopita pembeni ya goti unabanwa. Mwenye kidonda afanye mazoezi ya mikono akiwa kwenye kiti.

Dereva asiyehisi pedali asiendeshe.

Kizunguzungu nikisimama, tumbo kujaa, na nguvu za kiume kupungua, vinahusiana?

Vinaweza. Mishipa inayoendesha presha, tumbo, kibofu na tendo la ndoa huathirika pia. Presha ipimwe ukiwa umelala na tena baada ya kusimama dakika tatu. Inuka kwa hatua: kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja, chezesha nyayo, ndipo usimame. Kula kidogo mara nyingi. Amitriptilini inaweza kuzidisha kizunguzungu, kwa hiyo sema. Na suala la nguvu za kiume lisemwe bila haya; lina tiba, lakini vidonge vyake havichanganywi na dawa za moyo za jamii ya naitreti.

Mtaani wanasema mzee amekanyaga uchawi.

Mguu unaowaka bila jeraha, kidonda kisichouma, kidole kinachogeuka cheusi: tunaelewa kwa nini familia hufika kwenye wazo hilo. Hatutaki ubishane na mzee. Mwombe jambo moja tu, kwamba mguu usichanjwe chale, usichomwe, usifukizwe, na usifungwe kitu kinachobana. Sala na dua haziumizi ngozi. Mitishamba ya kunywa itajwe kwa daktari, kwa sababu baadhi hushusha sukari na ikijumlishwa na dawa inaweza kumwangusha.

Ni lini nisingoje hata kesho?

Kidonda chenye harufu, weusi, au wekundu unaopanda. Homa ukiwa na kidonda. Mguu mmoja uliopoa ghafla na kupauka. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya saa au siku, hasa ukifika kifuani. Ganzi sehemu za siri pamoja na kushindwa kukojoa au kuzuia haja. Upande mmoja wa mwili au uso uliolegea.

Nikifika kliniki niseme nini?

Beba daftari la namba za maumivu, dawa zote na maboksi yake, vitamini na mitishamba ikiwemo. Uliza mambo matatu: figo zangu zikoje, B12 yangu imepimwa, na dozi yangu ya maumivu inaweza kupandishwa? Kisha vua viatu na soksi zote mbili kabla hujaulizwa, upandishe miguu mahali anapoweza kuiona.